Kaka, Umeniuliza Kuhusu GPS

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeitanguliza hiyo ili mengine yapate pa kukalia. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umekuachia, na majokofu ya watu wa huko yanaendelea kuharibika kwa kiasi cha kukupa riziki bila kukunyima usingizi. Wifi yangu hajambo? Kile kikohozi kimemwacha? Na wale wanangu, mwambie mkubwa kwamba shangazi yake bado anaisubiri picha aliyoahidi kumchorea, na mdogo mwambie asirefuke kabla sijamwona.

Huku tupo, na tunaweza kusema tu wazima. Shemeji yako anaendelea kuchomelea milango na madirisha ya watu, jioni macho yanamwasha, ukimkumbusha kuvaa miwani anasema miwani inamficha kazi. Mpwa wako amemaliza mitihani na sasa shughuli zake ni mbili, kulala na kutukosoa. Nyumba mpya tumeizoea, ila bomba la jikoni linakoroma kila likifunguliwa, na kila mgeni anadhani kuna mtu chumba cha pili.

Ujumbe wako niliupata. Uliandika machache, kama kawaida yako: unataka kuweka GPS kwenye gari, umesikia mimi nimejaribu za kila aina, basi nikwambie ipi inafaa. Mpwa wako akasema nikujibu palepale, jambo la mstari mmoja. Nikashika simu, nikaiweka. Nikaishika tena. Jibu langu haliingii kwenye mstari mmoja, kaka, na kwa kuongea unanijua: neno zito likinifika mdomoni nalikwepa kwa mzaha, unacheka, tunaagana, na neno linabaki lilipokuwa. Kwa hiyo nimechukua karatasi. Leo siko kazini na nyumba iko kimya. Nimekaa mezani tangu asubuhi, au tuseme nimekaa na kusimama. Nimesimama kufunga dirisha, nimesimama kulifungua, nimekwenda kutazama kama nimezima jiko, na nilikuwa sijaliwasha. Ukiona mwandiko unaruka, ujue hapo niliondoka nikarudi.

Unakumbuka kazi yangu, lakini nadhani sijawahi kukueleza vizuri. Ninaendesha basi dogo la kituo cha kusafisha damu. Abiria wangu ni watu ambao figo zao zimechoka, ambao kila baada ya siku chache lazima wakalale karibu na mashine iwatoe sumu mwilini. Nawachukua majumbani, nawapeleka, nawasubiri, nawarudisha. Wakienda wanaongea. Wakirudi hawaongei, wanaegemeza vichwa kwenye vioo, vioo vikawatetemesha. Kiti cha mbele ni cha mama mmoja fundi nguo, miguu yake inavimba hawezi kuikunja nyuma. Wenzake wanamwita Bi Cherehani. Ni mtu wa maneno machache, na hata hayo machache yana pini. Siku ya kwanza kuniona aliniambia kola ya shati langu imeshonwa na mtu mwenye haraka, na amekuwa akinitazama kwa jicho hilohilo tangu hapo.

Sasa, mji wetu umechimbuliwa. Wanabadilisha mabomba ya maji, na hakuna mtaa uliosalimika. Asubuhi unapita, mchana unakuta shimo na mtu amesimama na kibendera chekundu akikuonyesha kule usikokwenda. Ilipofika hapo ndipo nilipoanza kusema nataka GPS. Niliwaambia wote hivyo, nyumbani na kazini: barabara zimefungwa, njia za kuzunguka sizijui, wagonjwa wanachelewa. Kila mtu akakubali. Ilikuwa sababu nzuri na ilikuwa kweli. Shemeji yako peke yake ndiye aliyesita. Akiwa anakula aliuliza tangu lini mimi, mtu niliyekuwa nikimwelekeza hadi kwenye vichochoro vya mitaa aliyozaliwa yeye, nahitaji mashine ya kuniambia pa kukata kona. Nikamjibu kwamba hata mganga hutibiwa. Akacheka, akaendelea kula.

Nikaanza na simu, maana ndiyo niliyokuwa nayo. Mpwa wako aliniwekea ramani, akanibandikia kishikizo kwenye dashibodi, akanichagulia sauti ya mwanamke. Kiswahili chake, kaka, kilikuwa cha mtu aliyetafuna kiazi cha moto. Majina ya mitaa aliyavunja vipande, hata mtaa wetu wenyewe nilimwuliza mpwa wako ni wapi huko. Abiria walimpenda mara moja. Wakamwita Shangazi, kwa sababu, walisema, anaamuru bila kuulizwa na hakosei hata akikosea. Nikawaambia mimi mwenyewe ni shangazi wa watu. Wakasema ndiyo maana mnaelewana.

Lakini simu haikufaa. Jua likiipiga kwenye kioo inapata moto na kuzimika yenyewe, na inachagua kuzimika panapokuwa na njia panda. Mtu akipiga, ramani inajificha nyuma ya jina lake. Bando likiisha, Shangazi anakwama katikati ya sentensi: "Baada ya mita mia tatu, geuka," halafu kimya, na wewe na magari nyuma yako mnangoja kusikia ni wapi. Siku moja abiria wote walijibu kwa pamoja, wengine kulia, wengine kushoto, nusura wagombane. Nilicheka nao. Kisha nilipofika kituoni nilijifungia ndani ya gari nikabana usukani hadi vidole vikaniuma, kwa sababu na mimi sikuwa nikijua ni wapi, na ile haikuwa barabara iliyochimbwa. Ilikuwa barabara ya kituoni.

Nimesimama kidogo hapa. Nimezunguka nyumba, nimerudi.

Acha nikwambie nililowaficha wengine. Kabla ya simu, kabla ya habari zote za GPS, kuna asubuhi niliingia kwenye mzunguko ule mkubwa ambao pembeni yake kuna duka la magodoro. Nimeupita huo mzunguko miaka na miaka. Nikaingia, nikatazama zile barabara zinazotoka, na zote zilikuwa sawa. Sikuweza kusema hii inakwenda wapi wala ile inatoka wapi. Si kwamba nilikuwa nawaza mambo mengine. Niliziangalia kama unavyoangalia nyuso za watu kwenye foleni. Nikazunguka. Nikazunguka tena, nikijiambia inayofuata nitaitambua. Nyuma mtu mmoja akatania kwamba leo dereva anatutembeza tuone mji. Bi Cherehani hakucheka. Alinyoosha kidole chini, karibu na goti lake, pasipoonekana na wa nyuma, akasema kwa sauti ya kawaida: "Ile yenye magodoro, mwanangu." Nikatoka hapo. Mita chache mbele kila kitu kilirudi mahali pake, kama umeme uliokatika ukarudi kabla hujapata mshumaa.

Nikasema ni uchovu. Nikaanza kulala mapema. Nikaacha chai ya usiku. Kila aliyetaja usahaulifu mbele yangu nilimwambia na mimi vilevile, uzee unabisha hodi, tukacheka. Huo ndio ubaya wa ugonjwa huu, unajificha ndani ya utani wa watu wazima.

Baada ya simu nikatafuta kile kifaa chenyewe, cha kubandika kwenye kioo kwa mpira unaonyonya. Nilizunguka maduka hadi wauzaji wakanizoea. Mmoja, kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri kuliko sanduku la vito, alinieleza mambo ambayo nawe uyajue: kwamba kifaa kinaongea na setilaiti juu, hakihitaji mtandao wa simu kujua kilipo, kwamba tofauti iko kwenye ramani, kuna zinazokaa ndani yake na kuna zinazovutwa kwenye intaneti, kwamba ramani ya ndani ikizeeka, kifaa kitakupeleka kwa uhakika mahali ambapo hapapo tena. Nikamwambia hicho cha mwisho nakijua. Akanitazama, hakuelewa, nami sikumfafanulia.

Nilikichukua kimoja. Kilikuwa kizuri, hakipati moto upesi, maandishi makubwa. Lakini ramani zake zilikuwa za zamani kuliko muuzaji alivyokiri. Kilituelekeza kwenye daraja lililobomolewa, tukasimama mbele ya mto tukiutazama, Shangazi mpya akisisitiza tuendelee mbele. Mzee mmoja nyuma akasema kwa upole kwamba yeye damu yake imechafuka lakini bado hajafikia kuogelea. Wiki ileile mpira ukaachia, kifaa kikamwangukia Bi Cherehani mapajani. Akakishika, akakigeuza, akanirudishia. Nilirudi dukani nikabadilisha. Nikabadilisha tena. Nilikuwa siwezi kutulia, kaka. Siku za mapumziko, badala ya kupumzika, nilikuwa barabarani na gari letu, kifaa hiki kwenye kioo, kingine kwenye kiti, nikivishindanisha. Nilijipa safari: kutoka nyumbani hadi sokoni bila kifaa, kisha na kifaa. Nikifaulu bila kifaa nilirudi nikiimba. Nisipofaulu nilimlaumu muuzaji.

Shemeji yako akaanza kunung'unika kwamba sasa kuna mwanamke mwingine ndani ya gari na nyumba, na anasikilizwa kuliko yeye. Lakini nilimwona akinitazama. Mara mbili tatu alinikuta nimesimama mlangoni na funguo mkononi, akaniuliza natoka au naingia. Nilimjibu kwa ukali. Unajua mimi si mtu wa ukali.

Mwishoni nikamwomba msimamizi wa magari kazini atuwekee ile skrini pana, inayoingia kabisa kwenye dashibodi, yenye ramani mpya na inayojua hadi msongamano. Nilimpelekea hoja kama wakili: wagonjwa watafika mapema, mafuta yatapungua, madereva wapya hawatapotea. Akakubali, akanisifu kwa kujali kazi. Fundi akaifunga. Nakuambia ukweli, ilikuwa nzuri. Anwani za wagonjwa wote ziliingizwa humo, nabonyeza, inanipeleka. Sauti yake haina kiazi. Ikiona shimo mbele inakuzungusha kabla hujaliona. Kwa majuma kadhaa niliishi kama mtu aliyepona. Niliendesha nikipiga mluzi. Nikasema tazama, dawa ilikuwa hii tu.

Na sasa nikueleze iliyonifanya niandike.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, haikunyesha, hakuna aliyechelewa. Abiria walikuwa wameshapanda wote isipokuwa mmoja. Nikafuata skrini, kulia, kushoto, kulia, ikaniambia, "Umefika." Nikasimamisha gari mbele ya lango la bati la kijani. Nikakaa. Injini inanguruma. Nikatazama lango, nikatazama skrini, na skrini ikanionyesha kialama kidogo kimetulia mahali pake, kimeridhika. Mahali nilikuwa nimefika. Nimefuata nini, sikujua. Hilo kifaa hakikuambii, kaka. Nilisikia watu wakiongea nyuma yangu na sikujua ni kina nani na kwa nini wamo ndani ya gari langu. Niliogopa kugeuka.

Lango likafunguka. Akatoka mama mmoja mnene wa miguu, mfuko wa nguo begani, anatembea akishika ukuta. Akaja hadi dirishani kwangu. Nikashusha kioo, nikamwambia kwa adabu zote nilizofundishwa na mama, "Shikamoo mama, nikusaidie nini?"

Alikuwa Bi Cherehani.

Alisimama pale, mkono mmoja juu ya mlango wa gari. Nilichoona ni kwamba jicho lile la kukagua kola halikuwepo. Akazunguka, akafungua mlango wa mbele, akajipandisha kwa shida, maana kila siku mimi ndiye humshika mkono na siku hiyo sikushuka. Akafunga mkanda. Akasema, "Mimi ni mgonjwa wako wa kiti cha mbele. Tunakwenda kusafishwa damu. Endesha taratibu, nami nitakuwa naongea nawe mpaka tufike." Akaongea kweli. Mtu wa maneno machache yule aliongea njia nzima, habari za pindo, za vitambaa vinavyochuja rangi, za bibi harusi aliyenenepa kati ya kupimwa na kuvaa, na katikati ya maneno, bila kubadili sauti, aliingiza kata hapa, punguza, taa nyekundu hiyo. Tulipofika nilikuwa nimeshajua tena yeye ni nani na mimi ni nani. Nilikuwa nalia bila kutoa sauti.

Wenzake walipoteremka alibaki. Nilidhani atanipa pole. Aliniambia kwamba tangu siku ya mzunguko alikuwa akinihesabia makosa, na kwamba amekosa yeye pia kwa kunyamaza, kwa sababu alinipenda na hakutaka nipoteze kazi. Kisha akasema, "Lakini watu hawa wanalala kwenye mashine ili waishi. Usiwaue njiani. Ukimpelekea msimamizi funguo mwenyewe, nitakuja nawe. Usipompelekea, nitakwenda peke yangu." Nikamwomba anipe hadi mwisho wa wiki. Akakataa. Nikamkasirikia, kaka, siwezi kukuficha, nilimwambia aingie ndani mashine yake inamngoja. Akasema mashine itangoja. Akakaa hapo, miguu imevimba, hajashuka, hadi nikachomoa funguo.

Msimamizi hakunifokea. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alizipokea funguo kwa mikono miwili, akamwita dereva mwingine wa kuwarudisha, akaniambia nisiondoke peke yangu. Shemeji yako alikuja kunichukua na ovaroli yake ya kazini, kofia ya kuchomelea bado iko kichwani.

Daktari ni mwanamke wa rika langu. Alinipa maneno ya kukumbuka, akanizungumzisha mengine, akayauliza tena. Akaniambia nichore saa inayoonyesha wakati fulani. Nilichora duara safi kabisa, nikaweka namba zote, na zote zikakaa upande mmoja, kama abiria waliokimbia mvua. Nikaiona mwenyewe kabla hajasema. Nikapigwa picha za kichwa, nikatolewa damu. Tuliporudi kwa majibu alisema ni ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, ule ambao watu hudhani ni wa wazee sana, ila kwangu umewahi. Alisema zipo dawa za kuupunguzia mwendo, si za kuusimamisha. Alisema nisiendeshe gari tena.

Kisha akauliza kama katika familia yetu kuna mwingine aliyekuwa hivi. Nikajibu haraka kwamba hapana. Shemeji yako akanitazama. Ndipo nikamkumbuka mama.

Unakumbuka kaka, mama alivyokuwa akitoka kwenda dukani na kurudi jioni bila alichofuata? Tulisema anapenda kuzurura. Baba alisema anakaa kwenye vibaraza vya watu. Wewe ndiye uliyekuwa ukitumwa kumtafuta, na ukimpata alikuwa amesimama mahali, mkoba mkononi, anakutazama kama unamkatia mazungumzo, na anakwambia, "Nilikuwa nakuja." Ulikuwa unakasirika, nami nilikuwa nakucheka. Mama alikuwa na umri nilio nao mimi leo. Hakuwa anazurura. Alikuwa anaitafuta nyumba, na hakutaka tujue.

Nilimweleza daktari yote hayo. Akaweka kalamu chini. Akasema kuna aina ya ugonjwa huu inayopita katika damu, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, si kwa kila mtoto. Hawezi kusema kwa hakika kwamba ndiyo yetu, vipimo zaidi vinaendelea. Lakini akaniuliza nina ndugu wangapi wa tumbo moja. Nikamwambia mmoja. Akasema ndugu huyo ana haki ya kujua, na kwamba kujua si kuugua.

Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia. Nilitaka nisubiri vipimo viishe, nilitaka nisubiri likizo yako, nilijipangia sababu kama nilivyozoea. Ndipo ukaja ujumbe wako.

Kaka, umeniuliza GPS ipi ni nzuri. Mimi nakuuliza: unaitakia nini? Umeendesha kwenye mji huo tangu watoto wako hawajazaliwa. Hakuna duka la nyama ambalo hujalala chali chini ya jokofu lake. Wewe ndiye uliyenifundisha kuendesha, ukanifunika macho kwa leso nikiwa kiti cha abiria, ukaniambia nikutajie tulipo kwa kusikia tu matuta. Wifi nilizungumza naye baada ya ujumbe wako, sikumwambia langu, nilimsalimu tu. Akaniambia akicheka kwamba siku hizi wateja wanakupigia kuuliza uko wapi, na wewe unasema barabara za huko zimebadilika. Alicheka yeye. Mimi sikuweza.

Huenda ni kweli zimebadilika. Huenda na huko wanachimba. Huenda una kazi nyingi, na mimi nimekuwa mtu anayeona ugonjwa wake katika uso wa kila mtu. Naomba kwa Mungu iwe hivyo, na ukinipigia kunitukana kwa kukutisha nitakushukuru. Lakini nenda ukapimwe. Nenda na wifi, usiende peke yako ukarudi na nusu ya maneno. Mpaka hapo, acha gari. Mwambie mwanafunzi wako wa kazi aendeshe, wewe ubebe vifaa. Najua inavyouma kukaa kiti cha abiria, mguu wa kulia unatafuta breki isiyokuwepo. Mguu huo hautulii, lakini haumuui mtu.

Na daktari akikwambia huna kitu, basi hili hapa jibu lako: achana na simu, itakuzimikia juani. Skrini pana ni tamu, lakini inataka fundi akufumue dashibodi, na gari lako ninavyolijua likifumuliwa halitarudi kuwa gari. Chukua cha kubandika kioo, chenye ramani za ndani, na mlazimishe muuzaji azihuishe mbele ya macho yako kabla hujatoka dukani. Kibandike chini, si juu. Sauti chagua ya mwanamume, ya mwanamke utabishana nayo.

Mimi unataka kujua ninaishije. Sijui kukaa. Miguu inataka kwenda na hakuna ninakopelekwa na kazi. Msimamizi ameniruhusu baadhi ya siku nipande basi kama msaidizi, nawashika mikono wagonjwa wakipanda. Bi Cherehani nilimnunia, kisha nikachoka kununa. Sasa ananishonea shati, na amesema kola ataishona bila haraka. Mpwa wako ameacha kulala sana. Na jioni shemeji yako akinawa mikono ananiita garini, anakaa kwenye usukani, anazima kifaa, ananiuliza, "Kulia au kushoto?" Ninalosema ndilo analofuata. Nikisema kushoto na ni ukuta, anasimama mbele ya ukuta, tunautazama, anarudi nyuma, ananiuliza tena. Jana tulifika pahali penye uwanja wa vumbi na magoli mawili bila nyavu, hakuna kati yetu aliyepajua. Tukashuka tukatembea hadi giza likaingia. Nilifurahi, kaka. Sikudhani nitafurahi.

Nisalimie wifi, na umwonyeshe barua hii, usiifiche mfukoni. Wabusu watoto. Jirani zako wanaonifahamu wape salamu, hata wale niliowasahau, wape kana kwamba nawakumbuka.

Nakuomba uje mapema, kabla ya likizo. Usije na gari. Panda basi la asubuhi, mimi na shemeji yako tutakuwa kituoni tunakusubiri. Najua mdogo ndiye humwamkia mkubwa, na mama hakutufundisha vinginevyo. Lakini siku hiyo ukishuka ukaniona nimesimama tu nakutazama, usidhani nimekosa adabu. Nishike mkono, uanze wewe.

Mdogo wako akupendaye,
mtoto wa mwisho wa mama